Migomo ya Bandarini, Relini na Barabarani: Inavyoanza, Sheria Inavyosema na Nani Anayelipa

Mgomo wa siku moja katika bandari ya Mombasa au Dar es Salaam haucheleweshi mzigo kwa siku moja tu. Meli iliyokuwa ishushe shehena hubaki gatini, na iliyo nyuma yake husubiri nangani. Malori yaliyofika kuchukua mzigo hupanga foleni nje ya geti, na mabehewa yaliyokuwa yarudi bara hayarudi. Kazi ikianza tena, kila mmoja hutaka kuhudumiwa wa kwanza. Mfanyabiashara wa Kampala, Kigali, Bujumbura, Goma au Lubumbashi huyahisi hayo siku kadhaa baada ya magazeti kuandika kwamba mgomo umekwisha.

Wafanyabiashara wengi hudhani kwamba chama cha wafanyakazi chenye nguvu ndicho hatari kubwa kwa mzigo wao. Historia ya njia hizi mbili, ile ya Kaskazini inayoanzia Mombasa na ile ya Kati inayoanzia Dar es Salaam, haiungi mkono dhana hiyo moja kwa moja. Palipo na chama kinachotambuliwa, mara nyingi ugomvi huwa na kalenda, huwa na ilani, na huwa na mtu wa kuzungumza naye. Migomo iliyowakuta wenye mizigo bila kujiandaa ilitokea zaidi pale ambapo wafanyakazi hawakuwa na chombo cha kuwasemea, au menejimenti ilipokipita chombo hicho pembeni na kutangaza mabadiliko bila mazungumzo.

Nani anamwakilisha nani

Katika bandari ya Mombasa, wafanyakazi wa Mamlaka ya Bandari ya Kenya (KPA) wanawakilishwa na Dock Workers Union, ambacho wenyeji hukiita DWU. Ni miongoni mwa vyama vikongwe na vyenye sauti zaidi Kenya, na uchaguzi wake wa viongozi hufuatwa mjini Mombasa karibu sawa na uchaguzi wa ubunge. Dar es Salaam kuna DOWUTA kwa wafanyakazi wa bandari na COTWU kwa mawasiliano na uchukuzi. Reli ya Tanzania ina TRAWU. Uganda, chama kikubwa cha uchukuzi ni ATGWU, ambacho kwa miaka mingi kimejaribu kuwaingiza pia madereva wa teksi na bodaboda.

Madereva wa masafa marefu ndio waliosambaa zaidi. Kenya kuna chama cha madereva wa malori ya masafa marefu, lakini wengi barabarani si wanachama wanaolipa ada. Tanzania kumekuwa na vyama kadhaa vya madereva kwa wakati mmoja, na kimoja kikikubaliana na serikali kingine huweza kukataa.

Wamiliki wa magari ni kundi jingine kabisa. TATOA ya Tanzania na Kenya Transporters Association ni vyama vya waajiri. Tofauti hiyo husahaulika mara kwa mara. Oktoba 2013 malori yaliposimama Tanzania, watu wengi waliita mgomo wa madereva, wakati ukweli ni kwamba wenye magari ndio waliogoma. Wizara ya Ujenzi, wakati huo chini ya John Magufuli, ilikuwa imeondoa msamaha wa asilimia 5 ya uzito uliozidi kwenye mizani. Malori yaliegeshwa, mizigo ya nchi jirani ikakwama, na Waziri Mkuu Mizengo Pinda akarudisha msamaha huo. Sheria ya kazi haihusiki na kusitisha huduma kwa namna hiyo. Haina ilani inayotakiwa wala msuluhishi wa lazima, na huamuliwa kisiasa. Msafirishaji akisikia neno mgomo, swali la kwanza la kuuliza ni nani hasa aliyegoma.

Mizizi ya ugomvi

Anayetaka kuelewa kwa nini Mombasa ni mji wa vyama vya wafanyakazi lazima arudi kwenye kazi ya kibarua. Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, makuli wengi wa Kilindini waliajiriwa kwa siku. Meli ikija kuna kazi, isipokuja hakuna. Kampuni za upakuaji zilipenda utaratibu huo kwa sababu hazikulipa mtu aliyekaa bure. Kasoro yake ni kwamba kibarua asiye na kazi ya kesho hana cha kupoteza akigoma leo.

Mwaka 1939 mji uligoma, ukianzia kwa wafanyakazi wa idara ya ujenzi ya serikali waliodai posho ya nyumba, kisha watu wa bandarini wakaingia. Mgomo mkubwa zaidi ulianza tarehe 13 Januari 1947. Watu wanaokadiriwa kufikia 15,000 waliacha kazi bandarini, relini, mahotelini na majumbani kwa siku 12. Walikutana kila siku kwenye uwanja waliouita Kiwanja cha Maskini. Kutokana na mgomo huo kilipata nguvu chama cha African Workers' Federation kilichoongozwa na Chege Kibachia. Serikali ya kikoloni ilimkamata Agosti mwaka huo na kumpeleka Kabarnet, mbali kabisa na pwani.

Jambo la kumvutia mchumi katika mgomo wa 1947 ni matokeo yake. Baraza la usuluhishi chini ya Jaji Ransley Thacker, huyo huyo aliyekuja kusikiliza kesi ya Kapenguria miaka michache baadaye, lilitoa nyongeza ya mishahara. Serikali na kampuni za bandari pia zilianza kukubali kwamba vibarua wasio na jina wala daftari ni gharama. Miaka iliyofuata makuli walianza kuandikishwa, kisha taratibu kuajiriwa kwa mwezi. Machi 1955 walipogoma tena, Tom Mboya, akiwa kiongozi wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi Kenya, alifika Mombasa na kusaidia kuwarudisha kazini huku suala likipelekwa kwa msuluhishi. Kwa mara ya kwanza kulikuwa na pande mbili zilizojua namna ya kukaa mezani.

Dar es Salaam ilipita njia iliyo tofauti kidogo. Makuli waligoma mwaka 1939, 1943 na 1947, na mgomo wa Septemba 1947 ulipanda na reli kuelekea bara. Wakapata nyongeza nzuri na chama chao kikakua. Februari 1950 ugomvi ulizuka tena, na safari hii suala halikuwa mshahara. Waajiri walikuwa wameleta utaratibu mpya wa kuwaita na kuwaandikisha watu wa kazi getini. Ghasia zikatokea, na chama kikafutwa. Kwa miaka kadhaa baadaye bandari ile haikuwa na chama cha maana. Mwenye kufuatilia habari za bandari zetu katika miaka ya karibuni atatambua kisa hicho mara moja, kwa kuwa menejimenti kuleta mfumo mpya bila mashauriano bado ni chanzo cha migomo.

Baada ya uhuru nchi hizi mbili ziliviweka vyama chini ya mwavuli wa dola kwa namna tofauti. Tanzania iliunda NUTA mwaka 1964, ikawa chama kimoja cha wafanyakazi wote, kikafuatiwa na JUWATA. Kenya iliunda COTU mwaka 1965 lakini vyama vya sekta vilibaki, na ndiyo maana DWU ina mwendelezo ambao DOWUTA haina. Kwa hiyo si sahihi kupima bandari moja kwa kipimo cha nyingine.

Sheria inasemaje

Nchini Kenya haki ya kugoma imo ndani ya ibara ya 41 ya Katiba ya 2010, na utaratibu wake uko katika Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007. Ugomvi hupelekwa kwanza kwa msuluhishi. Ukishindikana, chama hutakiwa kutoa ilani ya maandishi ya siku 7 kwa mwajiri na kwa waziri wa kazi. Siku hizo 7 ndizo dirisha la mwenye mzigo. Ndani ya muda huo mwajiri naye huenda mbele ya Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi kuomba mgomo uzuiwe, na mara nyingi amri hutoka siku ya mwisho au usiku wa kuamkia mgomo.

Tanzania Bara inaongozwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Ugomvi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA), ambako usuluhishi una siku 30. Usipofanikiwa, wanachama hupiga kura, na wengi wa waliopiga wakikubali, mwajiri hupewa notisi ya saa 48. Saa 48 ni muda mfupi kwa lori lililoko Tunduma au Rusumo, lakini usuluhishi wa siku 30 uliotangulia si siri. Suala likifika CMA, wakala wa forodha mwenye masikio huwa amelisikia.

Sheria hiyo ya Tanzania ina makatazo ambayo wafanyakazi na waajiri huyasahau kwa usawa. Mgomo ukiwa halali, mwajiri haruhusiwi kuleta watu wengine kufanya kazi ya waliogoma. Wafanyakazi nao hawaruhusiwi kuzuia watu kuingia kazini kwa kujipanga mlangoni, wala kumfungia mwajiri ndani ya ofisi.

Kuna pia orodha ya huduma muhimu ambazo watu wake hawaruhusiwi kugoma kwa utaratibu wa kawaida. Nchini Tanzania orodha hiyo ina maji na usafi, umeme, afya, zimamoto, uongozaji wa ndege, na usafiri unaohitajika kuendesha huduma hizo. Upakuaji wa shehena haumo kwa jina, ingawa Kamati ya Huduma Muhimu ina uwezo wa kuongeza huduma nyingine. Hivyo dhana kwamba bandari haiwezi kugoma kisheria si sahihi.

Uganda nayo inatambua katika ibara ya 40 ya Katiba yake haki ya mfanyakazi kusitisha kazi kwa kufuata sheria.

Sheria zote hizo zina upungufu mmoja mkubwa kwa mtu wa biashara. Zinahusu mgomo uliotangazwa. Hazina la kusema la maana kuhusu mgomo baridi, yaani pale watu wanapofika kazini, wanasaini, kisha wanafanya kazi kwa mwendo wa kinyonga. Dereva wa winchi anayehamisha kontena chache kwa saa kuliko kawaida hajavunja sheria yoyote iliyo rahisi kuthibitisha. Mara nyingi mgomo baridi huja baada ya mahakama kuzuia mgomo wenyewe. Menejimenti hutangaza ushindi, magazeti huondoka, na mzigo hautoki. Kwa hesabu za mfanyabiashara, wiki ya mgomo baridi inaweza kuwa mbaya kuliko siku mbili za mgomo kamili, kwa sababu hakuna mtu anayekubali kwamba kuna tatizo na hivyo hakuna anayetoa msamaha wa tozo.

Mkataba una kalenda, mabadiliko hayana

Mishahara bandarini hupangwa kwa mkataba wa pamoja, unaoitwa Tanzania mkataba wa hali bora za kazi na Kenya hujulikana zaidi kwa kifupi chake, CBA. Una tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kenya husajiliwa mahakamani na huanza kuwa na nguvu ukisajiliwa, Tanzania nakala hupelekwa kwa Kamishna wa Kazi. Miezi ya mwisho ya mkataba ni miezi ya kelele. Viongozi wa chama hutoa vitisho, menejimenti hulia gharama, kisha mara nyingi wanakutana katikati. Kelele za aina hiyo zisimfanye mtu abadili njia ya mzigo wake.

Zinazostahili kutazamwa kwa makini ni aina tatu za mambo ambayo hayamo katika kalenda hiyo.

Ya kwanza ni makato. Julai 2015 wafanyakazi wa bandari ya Mombasa waliacha kazi kwa sababu ya viwango vipya vya makato ya bima ya afya, NHIF. Mwajiri wao hakuwa amevipanga, lakini yeye ndiye aliyeyakata kwenye mshahara. Meli zilikwama, mahakama ikaingia, na viongozi wa chama wakajikuta mikononi mwa polisi. Hapa chama chenye nguvu hakikuzuia mgomo, na ni haki kulisema hilo. Lakini hata katika kisa hicho kulikuwa na watu wanaojulikana wa kuwaita mezani, na kazi ilirudi baada ya siku chache.

Ya pili ni mshahara usiolipwa. TAZARA, reli ya kilomita 1,860 kati ya Dar es Salaam na New Kapiri Mposhi, imeumizwa na jambo hili kuliko jingine lolote. Mwaka 2014 wafanyakazi wa upande wa Tanzania waligoma zaidi ya mara moja wakidai mishahara ya miezi iliyopita. Shirika lisilo na mizigo halina fedha za mishahara, wafanyakazi wasiolipwa hugoma, na wenye shaba na mbolea huhamia barabarani. Mwaka unaofuata mizigo huwa michache zaidi, na mishahara huwa migumu zaidi kupatikana.

Ya tatu, na ndiyo nzito, ni kubadilishwa kwa mwendeshaji. Reli ya Tanzania ilikabidhiwa kwa kampuni ya TRL mwaka 2007, ambamo RITES ya India ilikuwa na hisa asilimia 51 na serikali 49, kwa mkataba wa miaka 25. Mwaka uliofuata wafanyakazi walikuwa wakigoma kwa ajili ya malipo, hadi serikali ikalazimika kuingilia kati. Mkataba haukufika hata robo ya muda wake, na kufikia 2011 serikali ilikuwa imerudisha hisa zile. Upande wa Kenya na Uganda, Rift Valley Railways ilianza Novemba 2006, nayo kwa miaka 25. Maelfu ya wafanyakazi wa zamani wa reli waliondolewa kazini wakati wa makabidhiano, na mkataba wenyewe ukavunjwa mwaka 2017. Sababu za kushindwa kwa makampuni hayo mawili ni nyingi, kuanzia mtaji mdogo hadi injini chakavu. Hata hivyo wote wawili walianza kazi wakiwa na wafanyakazi wasiowaamini.

Viwanja vya ndege vimeonyesha hali hiyo hiyo, na hilo linawahusu wasafirishaji wa maua, samaki na mboga. Tarehe 6 Machi 2019 wafanyakazi wa uwanja wa Jomo Kenyatta, Nairobi, waligoma kupinga mpango wa Kenya Airways kuchukua uendeshaji wa uwanja huo, na polisi wakawatawanya kwa mabomu ya machozi. Tarehe 11 Septemba 2024 waligoma tena, safari hii kwa sababu ya pendekezo la kuukodisha uwanja kwa kampuni ya Adani ya India kwa miaka 30. Mgomo huo ulikwisha siku hiyo hiyo kwa makubaliano ya kupewa nyaraka na kushirikishwa. Novemba mwaka huo Rais William Ruto aliufuta mpango wote, kwa sababu zilizozidi zile za wafanyakazi.

Bandarini hadithi inafanana. Mwaka 2019 DWU ilipinga mpango wa kulipa shirika la meli la taifa, likishirikiana na kampuni ya MSC, kituo cha pili cha kontena cha Mombasa. Mwaka 2023 mpango wa kukaribisha wawekezaji binafsi kwenye baadhi ya magati ya Mombasa na Lamu uliishia kwenye kesi. Dar es Salaam, mkataba wa TICTS uliodumu tangu mwaka 2000 uliisha Desemba 2022. DP World ya Dubai ikatia saini mikataba yake Oktoba 2023 baada ya mjadala mkali wa kitaifa, na serikali ilirudia mara nyingi ahadi kwamba hakuna atakayepoteza ajira. Kampuni yenye ubia wa Adani ikachukua magati ya kontena yaliyokuwa ya TICTS mwaka 2024.

Mfanyakazi anapoambiwa mwajiri anabadilika, huwa na maswali matatu. Je, miaka yake ya kazi itahesabiwa? Kiinua mgongo chake kitalipwa na nani, na lini? Chama chake kitatambuliwa na mwajiri mpya, au itabidi kianze upya kukusanya wanachama? Menejimenti inayojibu maswali hayo kwa maandishi kabla ya makabidhiano hununua utulivu kwa bei ndogo. Wengi hawajibu, kwa hofu kwamba majibu yatapandisha bei ya mkataba. Mbele ya mfanyabiashara wa njia ya Dar es Salaam, jambo la aina hii linalofaa kutazamwa ni TAZARA na mpango wa kuikabidhi kwa kampuni ya China, CCECC.

Reli ya kisasa ya Kenya ilileta ugomvi wa aina yake, na ni vigumu kuuweka upande wa mwajiri au wa mfanyakazi. Agosti 2019 agizo lilitolewa kwamba makasha yote ya kwenda Nairobi na kuendelea yapande treni. Mombasa iliandamana. Waliokuwa barabarani ni madereva na utingo, lakini pia wenye malori, mawakala wa forodha, wenye magereji na mama lishe wa Changamwe. Agizo lilisitishwa Oktoba, Mahakama Kuu ikalibatilisha Novemba 2020, na Septemba 2022 utoaji wa mizigo ukarudishwa rasmi bandarini. Hapakuwa na chama kimoja kilichoweza kuzungumza kwa niaba ya wote hao, na ndiyo maana suala lilichukua miaka mitatu.

Barabarani hakuna wa kuzungumza naye

Dereva wa lori anayetoka Dar es Salaam kwenda Lubumbashi mara nyingi ana leseni, pasipoti, posho ya safari na simu. Mkataba wa ajira wa maandishi hana. Hilo ndilo lililosimamisha Tanzania mwaka 2015. Tarehe 10 Aprili madereva wa mabasi na malori waligoma nchi nzima wakipinga agizo la kurudi darasani kila wanapohuisha leseni. Mapema Mei wakagoma tena kwa siku mbili, na safari hii mikataba ya ajira ilikuwa mbele ya madai yao. Abiria walilala Ubungo, mizigo ikalala njiani.

Serikali iliunda kamati, na waajiri wakaahidi mikataba. Tatizo lililojitokeza ni kwamba viongozi waliokaa mezani hawakuwa na uwezo wa kuwaamuru madereva wote, na wamiliki wadogo wenye lori moja au mawili hawakuwa na mwakilishi kabisa. Makubaliano yaliyofikiwa hayakuwa na wa kuyasimamia upande wowote.

Mpakani hali ni ngumu zaidi, kwa kuwa mwajiri yuko nchi moja, dereva nchi nyingine, na aliyemkasirisha ni serikali ya tatu. Mei 2020 vipimo vya korona vilipoanza Malaba na Busia, foleni zilifika makumi ya kilomita na madereva wakasimamisha magari wakilalamikia kunyanyaswa. Januari 2022 Uganda ilipodai dola 30 kwa kila dereva kwa kipimo, waligoma upande wa Kenya. Petroli ikaadimika Uganda na bei ikapaa, katika baadhi ya miji hadi mara mbili ya kawaida, mpaka serikali ikakubali kupima bila malipo. Kati ya hapo, mwaka 2021, madereva wa Kenya na Uganda waliegesha Elegu na kukataa kuingia Sudan Kusini baada ya wenzao kuuawa barabarani, wakidai ulinzi.

Hakuna hata moja kati ya migomo hiyo ya mpakani iliyohusu mshahara, na wala mwajiri hangeweza kuimaliza hata angetaka. Hakuna sheria ya kazi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inayompa dereva wa Kenya mahali pa kupeleka malalamiko dhidi ya mamlaka ya mpaka wa Uganda. Mwenye kampuni ya malori asiyependa vyama ajiulize kama siku ile angefurahi kuwa na katibu mmoja wa madereva, mwenye namba ya simu inayojulikana na waziri.

Nani analipa

Jibu fupi ni mwenye mzigo. Hati ya shehena ya meli hufuata kanuni za Hague za 1924 au mojawapo ya marekebisho yake, na kanuni hizo zinamwondolea mwenye meli dhamana ya hasara itokanayo na mgomo au kufungiwa kwa wafanyakazi, uwe wa sehemu au wa jumla, na kwa sababu yoyote ile.

Bima nayo ina mtego. Masharti ya kawaida ya bima ya shehena ya London, ambayo kampuni za bima za hapa huyatumia, yanaondoa hasara za migomo. Mteja anaweza kununua nyongeza ya vifungu vya migomo. Wengi huinunua wakiamini wamejikinga, kumbe inalipa mali iliyoharibiwa na wagomaji, kwa mfano lori lililochomwa au kasha lililovunjwa. Haimlipi mtu kwa kuchelewa, wala kwa hasara iliyotokana na kukosekana kwa watu wa kazi. Ndizi zilizooza ndani ya kasha kwa sababu hakuna aliyefika kazini ni hasara ya mwenye ndizi.

Tozo za kuhifadhi bandarini na tozo za kuchelewesha kasha ni vitu viwili, vinavyodaiwa na watu wawili. Bandari inaweza kuombwa msamaha kwa siku za mgomo, na chama cha mawakala wa forodha kikiomba kwa pamoja husikilizwa zaidi kuliko barua ya mtu mmoja. Kampuni ya meli haibanwi na msamaha huo, na siku za bure za kasha huendelea kuhesabiwa. Barua mbili huhitajika, na ile ya kampuni ya meli iandikwe siku mgomo unapoanza. Iambatanishwe na nakala ya ilani ya mgomo au tangazo la bandari, pamoja na ushahidi kwamba nyaraka za forodha zilikuwa tayari. Mtu ambaye hakuwa amemaliza forodha kabla ya mgomo hana hoja.

Mkataba wa usafirishaji wa barabara nao usomwe. Mingi iliyochapwa na kampuni za malori hutaja mgomo kama jambo lililo nje ya uwezo wa msafirishaji, bila kusema kama ni mgomo wa watu wa bandari au wa madereva wake mwenyewe. Mgomo wa madereva wa msafirishaji kwa sababu hakuwalipa posho haustahili kumpa kinga hiyo, na mwenye mzigo ana haki ya kudai kifungu kiandikwe upya kabla ya kutia saini.

Wanaonunua kwa barua ya dhamana ya benki wakumbuke pia kwamba kanuni za UCP 600, zinazotumika tangu Julai 2007, hazilazimishi benki iliyofungwa na mgomo kulipa dhamana iliyoisha muda wakati milango yake ikiwa imefungwa. Tarehe ya mwisho ya dhamana iwekwe mbali kidogo na siku ya mwisho ya kupakia, na zaidi pale mkataba wa pamoja wa bandari inayotumika unapokaribia kuisha.